Naomba ushauri: mazabodi na prosesa ya kuovakloki, nisije nikaingia chaka

WayaMtupu
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mimi humu huwa msomaji tu, ila leo yamenifika shingoni. Kompyuta yangu ya geimu ina i5-8400, ile ya mwaka 2017, imenitumikia sana sina ubaya nayo ila tangu nimeiwekea kadi ya michoro RTX 4070 Super naona kabisa prosesa inahema. Skrini yangu ni 1440p ya 165Hz, nacheza sana Counter-Strike 2 na mageimu ya stori. Mpango ni kubadilisha mazabodi na prosesa kwa mpigo mmoja, vingine vibaki. Na safari hii nataka KUOVAKLOKI (kuisukuma prosesa ipite spidi ya kiwandani), maana hii niliyonayo imefungwa, miaka yote naangalia video za wenzangu nameza mate tu.
Nilichopanga ni i5-13600K, mazabodi ya B760 (ina mataa balaa), RAM zangu hizi hizi za DDR4 16GB, pawa saplai wati 650, kipoza cha hewa cha mnara mmoja. Nimekaa sawa hapo? Nawasilisha.

Mzee wa BIOS
Simama hapo hapo, usilipe kitu.
Hiyo K mwishoni mwa jina maana yake prosesa imefunguliwa malitiplaya (kile kizidishio kinachopanga spidi yake), sawa, lakini kwa Intel prosesa peke yake haitoshi, chipseti ya mazabodi nayo lazima ikubali, na B760 haikubali. RAM itakuruhusu uipandishe, prosesa hapana. Utaingia BIOS (mipangilio ya mazabodi yenyewe) uitafute hiyo sehemu mpaka uchoke. Unataka Z690 au Z790. Yaani ulikuwa unanunua ufunguo wa nyumba ambayo mlango wake hauna kitasa.
Halafu kuhusu RAM, kuwa makini, hizo bodi za LGA1700 (soketi inayokaa hiyo 13600K) ziko za DDR4 na ziko za DDR5, jina linaweza kufanana kabisa isipokuwa herufi mbili tatu za mwisho. Pengo la DDR5 halikai sehemu moja na la DDR4 kwa hiyo haiingii hata ukisukuma, na naomba usisukume.

WayaMtupu
Duh. Mzee shkamoo. Bila hii post nilikuwa nimeshapigwa.

FeniTano
Kabla hamjampeleka mbali, wewe WayaMtupu ulishapima kweli kuwa prosesa ndo tatizo au umeona tu kwa macho? Fungua geimu, angalia fremu ngapi, halafu shusha hadi 1080p na kila kitu weka chini kabisa. Fremu zikipanda sana ujue GPU, yaani kadi ya michoro, ndo ilikuwa imelemewa. Zikibaki pale pale ujue ni prosesa. Dakika tano tu hiyo kazi.

WayaMtupu
Nimefanya mkuu. CS2 ilikuwa inacheza kwenye fremu 140 hivi, nimeshusha kila kitu mpaka geimu imekuwa kama katuni, ikaja 143. GPU inafanya kazi asilimia 45 tu. Ila kwenye lile geimu la stori GPU iko 98 muda wote.

FeniTano
Basi una majibu yako. CS2 prosesa mpya utaiona siku ya kwanza tu, hata bila kuovakloki. Geimu la stori hutaona kitu kikubwa hata uovakloki mpaka moshi utoke.

kipanga_
Mimi nitasema kitu kimoja ambacho nilikilipia, ANGALIA VRM (sehemu inayoilisha prosesa umeme) ya hiyo bodi, achana na mataa. Pawa saplai inaleta volti 12, prosesa inataka volti moja na ushee, sasa VRM ndo inayoshusha. Piga hesabu, prosesa ikila wati 180 kwa volti 1.2 ni ampia 150 hizo zinapita kwenye vidude vidogo kuliko kucha yako. Visipopozwa vizuri mchezo unaishia hapo.
Mimi nilichukua bodi ya bei chee, jina silitaji, VRM zake ziko uchi hazina hata hitisinki (chuma cha kupoza), nikaweka prosesa ya kori 8 nikapandisha. Dakika kumi za kwanza raha tupu. Baada ya hapo geimu linakwama sekunde mbili linaendelea, linakwama linaendelea. Nikabadilisha draiva, nikafuta Windows nikaweka upya, nikamlaumu na mtu wa intaneti bure. Kumbe nikifungua HWiNFO (programu ya kuonyesha joto na spidi) prosesa iko digrii 68 imetulia, ila spidi inaanguka toka 4.5GHz mpaka 0.8, na VRM iko 112! Bodi yenyewe ndo ilikuwa inajiokoa. Nikafunga kafeni kadogo juu yake kwa zipu taii, kakanisaidia miezi mitatu mpaka nikaitoa ile takataka.
Kwa hiyo ukiangalia picha ya bodi, tafuta vyuma vizito pembeni ya soketi, pande mbili, si plastiki iliyochorwa ifanane na chuma. Na tafuta waliopima joto lake prosesa ikiwa imebanwa nusu saa, si dakika mbili.

dada_soketi
Kaka, hujauliza AMD ila nakuwekea mezani. Kwenye AM5 (soketi yao ya sasa) karibu Ryzen, yaani prosesa zao, zote zimefunguliwa, na huhitaji bodi ya juu, B650 inaruhusu kuovakloki. A620 ndo uikimbie, hiyo imefungwa upande wa prosesa. Ubaya wake AM5 ni DDR5 tu, RAM zako zinabaki kumbukumbu. Uzuri wake, wakati LGA1700 imeishia kizazi cha 14, Intel wameshahamia LGA1851, AM5 bado ina safari.
Tena ukiamua hiyo 13600K, jambo la kwanza kabla ya kugusa chochote ni kuapdeti BIOS. Zile za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na shida ya voltiji kupanda kupita kiasi na kuzizeesha prosesa, Intel wakatoa marekebisho mwaka 2024, unataka maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa, inakuja na BIOS) 0x12B au ya baada yake. Kuovakloki prosesa yenye historia hiyo mimi roho inasita.

Mkono Mwepesi
Nitawaudhi lakini kuovakloki kwa siku hizi kumekufa. Enzi za i5-2500K unachukua prosesa ya 3.3GHz unaipeleka 4.5 kwa kipoza cha kawaida, hiyo ilikuwa hela ya bure. Sasa hivi kiwandani wameshaikamua yote, unahangaika wiki nzima upate asilimia 4 na umeme juu. Nunua X3D (Ryzen zenye kumbukumbu kubwa ya ndani kwa ajili ya geimu), washa, cheza, lala.

WayaMtupu
@Mkono Mwepesi sawa lakini mimi kuhangaika ndo starehe yenyewe 😂
@dada_soketi hivi Ryzen si nasikia hazipandi? Na 7800X3D vipi?

dada_soketi
7800X3D kwa geimu ni moto, ila malitiplaya yake imefungwa, kwa mtu anayependa kuchokonoa itakuboa. 9800X3D ndo walifungua, kama mfuko unaruhusu. La sivyo chukua 7700 ya kawaida, kori 8, wati 65, washa PBO (inaruhusu prosesa ijipandishe zaidi yenyewe) halafu cheza na Curve Optimizer. Hapo huongezi voltiji, unaipunguza, prosesa inapata nafasi inapanda yenyewe. RAM chukua vijiti viwili (si vinne) vya 6000, washa EXPO (ili RAM ikimbie spidi yake iliyoandikwa). Kwenye CS2 RAM itakupa zaidi ya hizo 100MHz unazozililia. X3D utaichomeka baadaye bodi ile ile.

Mzee wa BIOS
Naongezea, tafuta bodi yenye kitufe cha BIOS flashback nyuma. Unaapdeti kwa flashi hata prosesa haijaingia. Na kipoza chako ulizia vishikizo vya AM5, vya soketi yako ya zamani havitaingia.

WayaMtupu
MREJESHO. Nimechukua 7700, B650 yenye vyuma vya kueleweka, 32GB za 6000. Nimefunga kila kitu, nikawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi tii, kataa ka njano kwenye bodi pale palipoandikwa DRAM. Dakika ya kwanza, ya pili... jasho. Nikazima nikatoa RAM nikarudisha, vile vile. Nilikuwa naandika hapa kuwatukana ndo ikawaka yenyewe.

Mzee wa BIOS
😂😂 Inajifunza RAM hiyo. AM5 mara ya kwanza inakula dakika kadhaa, na ulipozima ukaianzisha upya. Tulipaswa kukuambia.

WayaMtupu
CS2 sasa haishuki 250. PBO nimewasha, Curve nimeweka -30 kori zote, Cinebench (kipimo cha kuibana prosesa) imemaliza nusu saa bila shida, digrii 81. Ila jana usiku sichezi chochote, nimefungua kurasa mbili tu za intaneti, ikazima na kuwaka upya. Iweje mzigo mzito ihimili halafu ife ikiwa imekaa?

kipanga_
Ndo -30 hiyo. Ikikaa bila kazi voltiji inakuwa chini sana, kori moja ikiruka ghafla spidi ya juu inakosa pumzi. Weka -15 zote, kisha shuka kori moja moja, kila moja ilale usiku mmoja.

WayaMtupu
Kori 8, usiku 8. Naanza leo.