Je, picha ya mtiririko wa damu kwenye ubongo inaweza kutabiri kupona baada ya kiharusi?

Swali: Binti wa mgonjwa

Ndugu wataalamu, salamu. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 68, alipata kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo. Alipimwa kwa CT (picha za eksirei za kompyuta) inayoonyesha mtiririko wa damu, kisha bonge la damu likatolewa kwa kupitisha mrija kwenye mshipa. Daktari alituonyesha doa la waridi la mililita 18 ndani ya eneo la kijani la mililita 96, akasema picha ni nzuri. Leo ni siku ya nne. Mkono wa kulia bado haunyanyuki na maneno yanamtoka kwa shida. Je, picha ile ilikuwa na maana gani ikiwa hali ndiyo hii?

Jibu: Mtaalamu wa radiolojia

Pole sana, dada, kwa kuuguliwa. Kipimo hicho hufuatilia dawa yenye aidini inavyoingia na kutoka kwenye mishipa ya ubongo. Kwa kawaida programu hupaka waridi sehemu ambazo mtiririko wake umeshuka chini ya asilimia 30 ukilinganishwa na upande wa ubongo usioathirika, na hizo huhesabiwa kuwa zimekwisha kufa; kijani ni sehemu ambazo damu huchelewa kufika kwa zaidi ya sekunde 6, yaani zina njaa ya damu. Tofauti kati ya maeneo hayo mawili ndiyo tishu inayoweza kuokolewa, na kwa baba yako ilikuwa kubwa. Kwa hiyo daktari alisema kweli, ila picha hiyo ilikuwa ikijibu swali la saa ile: je, kuna cha kuokoa tukizibua mshipa?

Jibu hilo lina uzito. Katika utafiti wa DEFUSE 3, uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa walichaguliwa kwa picha za namna hii kati ya saa 6 na 16 tangu walipoonekana wazima mara ya mwisho. Baada ya siku 90, waliotolewa bonge walikuwa wakijitegemea kwa asilimia 45, dhidi ya asilimia 17 ya waliopewa dawa pekee. Ukitazama upande wa pili wa takwimu hiyo, zaidi ya nusu ya waliotolewa bonge hawakufikia kujitegemea, ingawa picha zao zilikidhi masharti.

Jibu: Daktari wa neva

Naongezea jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Mililita hazisemi doa liko wapi. Doa dogo likikaa kwenye njia ya neva inayoshusha amri za mwendo kuelekea uti wa mgongo huweza kulaza mkono kabisa, ilhali doa kubwa mara tatu yake, likiwa mahali pengine, likaacha ulemavu mdogo. Tena doa la waridi lenyewe ni makadirio: mgonjwa akipimwa mapema mno, programu huweza kuhesabu kuwa imekufa tishu ambayo baadaye huonekana hai. Moyo dhaifu au mshipa wa shingo uliosinyaa navyo huchelewesha damu na kulipanua eneo la kijani.

Ombeni kuelezwa mambo mawili: mshipa ulizibuka kwa kiwango gani, na picha iliyopigwa baada ya siku moja ilionyesha kidonda cha ukubwa gani, mahali gani. Kwa utabiri, hayo yana uzito kuliko ile picha ya mwanzo.

Binti wa mgonjwa

Nashukuru sana, daktari. Na mkono, kuna dalili ya kuangalia?

Jibu: Mtaalamu wa fiziotherapia

Ipo, na haihitaji mashine. Mwambie anyooshe vidole na ainue bega kwenda pembeni. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa walioweza vyote viwili, hata kidogo, ndani ya saa 72 walirudishiwa kiasi fulani cha utumizi wa mkono baada ya miezi sita kwa asilimia 98. Walioshindwa vyote, kwa asilimia 25. Baba yako amepita saa hizo, kwa hiyo msizichukue namba hizi kama hukumu yake. Mtazame vidole kila asubuhi, dada, na hata kidole kimoja kikinyooka, mjulisheni anayemfanyisha mazoezi siku hiyohiyo, kwa sababu mazoezi ya mkono hupangwa kufuata kile unachoanza kuweza. Kuhusu maneno, mtaalamu wa tiba ya usemi aanze naye sasa, bila kusubiri mkono.