Kuungwa kwenye grupu la michango ya harusi bila kuulizwa, ustaarabu wa kutoka ni upi?

Mpangaji wa Tabata
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu wazima maana hili jambo linanikera kuliko linavyostahili. Wiki hii nimekaa zangu usiku simu inalialia tu, kufungua nakuta nimeungwa kwenye grupu la watsap la kamati ya harusi, watu zaidi ya mia mbili. Aliyeniunga ni jamaa tuliwahi kufanya kazi ofisi moja kabla sijahama, hatujaongea miaka, hata mtoto wangu alipozaliwa hakusema hongera, na wala siyo harusi yake, ni ya mdogo wake ambaye mimi simjui hata sura. Hakuna salamu inboksi, hakuna "kaka naomba nikuweke", hakuna kitu. Kabla sijajua bwana harusi ni yupi kwenye ile picha, mwekahazina keshapandisha orodha, jina langu lipo, sehemu ya ahadi iko wazi, na chini wameandika single (kadi ya mtu mmoja) elfu 70, double (ya watu wawili) laki moja na nusu.

Sasa nikitoka naonekana nina roho mbaya, nikikaa kimya kila asubuhi ni "wapendwa tukumbuke ahadi zetu" na vile vikatuni vya mikono ya kusali. Wife anasema tuma elfu 20 yaishe. Mimi naona nikituma tu nimejiandikisha, maana wiki hiyo hiyo ametajwa dada yao mwenye sendofu mwezi wa kumi na mbili. Ustaarabu unasemaje hapo?

Chalii wa Njiapanda
Toka mkuu, unaomba ushauri wa nini. Yeye hakukuuliza kukuingiza, wewe umuulize kutoka?

Mwekahazina Mstaafu
Ngoja niseme kwa upande wa pili maana nimeshika hela za kamati za ukoo wetu na za kazini mpaka nikachoka. Kwanza ieleweke hivi, yule aliyekuunga pengine hata hakukufikiria wewe kama wewe. Kikao cha kwanza kila mjumbe anaambiwa alete watu, basi mtu anafungua majina ya kwenye simu anaanza na A anashuka, wanaingia bosi wa zamani, fundi bomba, mwenye nyumba aliyehama kwake bila kuaga, wote humo. Zamani ilikuwa kadi ya mchango, ya karatasi, na kadi ilikuwa inagharimu kuchapisha na lazima mtu aibebe akupe mkononi, kwa hiyo alikuwa anachagua. Akikupa mnasalimiana, unamuuliza anaoa wapi, unamwambia "nitajitahidi" na yeye anaelewa nitajitahidi maana yake nini. Watsap imeondoa ile shughuli ya kutembea na ndiyo iliyokuwa inachuja watu.

Pili, mimi mwenye kitabu nakwambia anayekaa kimya ndiye anayetuumiza kuliko anayekataa. Mpishi anataka idadi ya sahani, ukumbi unataka advansi, sasa una majina mia mbili na nusu yao hujui ni wageni au ni mapambo. Kwa hiyo usitoke kimya na usikae kimya. Mwandikie aliyekuunga inboksi, SI kwenye grupu, mistari miwili: hongereni kwa jambo, kipindi hiki sitaweza kushiriki, nawatakia maandalizi mema, naomba mniondoe kwenye orodha. Usieleze ada za watoto, usieleze mkopo, ukianza kueleza unafungua majadiliano na kuna wajumbe wamezaliwa kwa ajili ya majadiliano. Ukishatuma toka.

Na elfu 20 ya wife, kama huna uhusiano na watu wale usitume. Hela ya kuogopa macho ya watu haishukuriwi, inaandikwa tu.

fundi_simu_kkoo
Kuongezea hapo kitaalamu kidogo, watu wengi hawajui. Tangu 2022 ukitoka kwenye grupu la watsap haitangazwi tena kwa wote, wanaoona ni maadmini tu. Mtu akiamua kuchimba kwenye taarifa za grupu ataona orodha ya waliotoka ndani ya siku 60, ila nani ana muda huo. Halafu kuna setingi ipo tangu 2019: ingia setingi, faragha, makundi, utakuta nani anaruhusiwa kukuunga, weka "anwani zangu isipokuwa" halafu wachague wale wasumbufu wako, hata ukiwachagua wote hakuna kesi. Kuanzia hapo akitaka kukuunga inabidi akutumie linki ya mwaliko inboksi na inakufa baada ya siku 3. Yaani simu inamlazimisha kupiga hodi.

Na wale mnaotupia skrinishoti ya meseji ya muamala kwenye grupu kuonyesha mmelipa, futeni sehemu ya salio jamani. Kuna mtu kwenye grupu letu alitoa elfu 10 na salio limebaki milioni tatu na ushee, alichambuliwa wiki nzima 😂

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Wanangu mimi nasoma nacheka. Sisi Tanga shughuli ilikuwa inaalikwa kwa mdomo, watu wanatumwa mlango kwa mlango, anapiga hodi, anakaribishwa, anakunywa maji, ndipo anasema ametumwa na fulani. Ukimsahau jirani mmoja hiyo ni kesi ya mtaa mzima, na usipokwenda wewe uliyealikwa nayo ni kesi. Ila bei mlangoni haikutajwa. Kila mtu alijua nafsi yake, huyu analeta mchele, huyu nazi, huyu hana kitu anakuja kuchambua mchele usiku kucha na ndiye anayeshukuriwa zaidi. Hiyo habari ya single na double mimi bado hainiingii, mtu unamwita harusini kwako halafu unamtajia kiingilio kama mpira.

Lakini na wewe mwanangu wa Tabata, huyo kijana mlikula naye sahani moja kazini. Usitoke kabla hujamsalimia. Mpigie simu, siyo meseji, mpigie. Umpongeze. Hilo halina gharama, na baada ya hapo ukimwambia huna atakuelewa, asipokuelewa basi tena.

Thika Road Babu
Huku Kenya ni hivyo hivyo tu, mtu akikuadd kwa grupu bila kuongea ujue ni harusi ama ni bili ya hospitali. Sasa shida yangu ni hiyo ya hospitali na matanga, hapo siwezi left, ata kama simjui naangalia kama kuna kitu kwa simu natuma mia mbili kwa paybill nanyamaza. Lakini harusi aki wacheni tu. Mtu amepanga tenti, amepanga magari, amepanga honeymoon ya Diani, kisha mimi wa kukaa bedsitter nitoe? Kama huwezi party kubwa si ufanye ndogo. Juzi kuna moja wanauliza "who is remaining" na wametag watu kwa majina, hiyo ndio sikuwahi ona, kutag mtu kwa majina mbele ya wakwe zake kisa hajalipa.

Chalii wa Njiapanda
@Thika kutaja majina hakujaanza na simu lakini. Kwetu msibani kuna daftari, unatoa unaandikwa, na yapo maeneo linasomwa mbele za watu jina na kiasi. Na lina maana yake, kesho ukifiwa wanafungua wanajua ulikuja na ngapi ili warudishe. Tofauti ni kwamba daftari linasoma waliotoa. Hili la watsap linasoma ambao hawajatoa, na hapo ndipo panapochefua.

Mwekahazina Mstaafu
Chalii hapo umesema. Kamati yetu ya mwisho mimi niligoma kupandisha orodha yenye nafasi wazi, napandisha waliokamilisha tu na jumla, anayedaiwa namfuata inboksi mara moja na kumkumbusha karibu na siku, basi. Mwenyekiti alisema hela haitaingia. Iliingia, siyo yote, ila hata kwa kupigiana kelele huwa haiingii yote.

Bi Mkubwa shikamoo, kwa kupiga simu nakubaliana na wewe kama mtu anaiweza sauti yake. Wapo wanaopiga simu kukataa wanamaliza wameahidi double.

Mpangaji wa Tabata
Bi Mkubwa shikamoo na asante, na wengine wote nashukuru. Nimempigia. Tumeongea karibu nusu saa, ameniuliza ofisi mpya, kumbe na yeye alipunguzwa kazi mwaka jana na mimi sikuwa na habari. Nimemwambia ukweli kwamba simjui mdogo wake na mfuko wangu mwezi huu haupo sawa, akasema hakuna neno, yeye mwenyewe aliambiwa alete watu thelathini. Hakujua hata kama niko humo ndani 😅 Nimetoka. Setingi pia nimeweka.

Swali moja la pembeni kwa Mwekahazina, kuna harusi ya binamu yangu kweli kabisa mwezi ujao na hiyo natoa. Mchango wa harusi mnatuma na ada ya kutolea juu yake au kavu, bila ya kutolea?

Mwekahazina Mstaafu
Msiba weka ya kutolea, wanahitaji keshi ya haraka, sanda na usafiri havisubiri. Harusi tuma kavu, sisi mpishi na mtu wa mapambo tunawalipa kwa simu hiyo hiyo. Ila andika jina lako kamili kama umetumia namba ya wife, kila kamati ina laki mbili tatu za watu wasiojulikana na wenyewe ndio wanaokuja mlangoni kudai kadi.

fundi_simu_kkoo
Na usitupie skrinishoti.