Bwana Stima amemzimikia Wanza: nichekesheje bila kumharibu Wanza?

Mchoraji_Umoja ameuliza:

Wadau, naomba macho yenu. Nachora hadithi ya mashujaa ya kuchekesha, ya Nairobi hii hii yetu, kurasa 20. Nimefika ukurasa wa 9 nikakwama.

Adui anaitwa Bwana Stima. Akikunja ngumi, mtaa mzima unaingia giza. Nia yake ni kuzima jiji lote, kuanzia Embakasi hadi Kangemi, kisha awauzie watu mwanga kwa saa. Anayemzuia ni Wanza, mpiganaji wa upinde na mishale. Mchana Wanza ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kamukunji, anatengeneza milango na madirisha. Vyembe vya mishale anavifanya mwenyewe wenzake wakishaenda nyumbani.

Sasa, Bwana Stima amemzimikia Wanza kabisa, na moyo wake ukianza kwenda mbio, taa zinawaka zenyewe. Hawezi kuzizuia. Ukurasa wa 4 amejificha gizani nyuma ya kibanda cha M-Pesa, anamvizia Wanza amshambulie. Wanza anasimama kufunga vizuri kitambaa chake cha kichwa. Taa zote za Barabara ya Jogoo zinawaka, na jambazi letu anaonekana mpaka vifungo vya koti.

Hapo kila mtu anacheka. Kwenye ukurasa wa 9 nimemchora akimfuata Wanza usiku anaporudi nyumbani, taa za barabarani zikiwaka moja baada ya nyingine nyuma yake. Visanduku 6, hakuna neno hata moja. Rafiki yangu alicheka sana. Binamu yangu, ambaye hutoka kazini saa tatu usiku na kushuka steji hiyo hiyo, hakucheka. Aliniuliza tu, "Wanza anajua kuna mtu nyuma yake?"

Nataka Bwana Stima awe adui kweli, apende kweli, na watu wacheke. Ila sitaki Wanza awe mtu wa kunyemelewa. Nifanyeje?

MwalimuZaituni:

Mwanangu, mshukuru sana binamu yako. Ameweka kidole palepale.

Mimi nimesoma vibonzo tangu nikiwa msichana, Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo ndiye aliyenifundisha kusoma gazeti. Kitu ninachoangalia adui akipenda ni hiki: gharama ya mapenzi hayo inamwangukia nani? Ikimwangukia yeye, tunacheka. Ikimwangukia mwanamke, sisi wanawake tunashika mikoba yetu vizuri.

Mwaka 1962, Namor, mfalme wa baharini, alimpenda Sue wa Fantastic Four, kundi la mashujaa wa vibonzo vya Marvel. Yuko tayari kuwaachia wanadamu mji wao, mradi Sue akubali kuolewa naye. Yaani Sue amegeuzwa bei ya amani. Mimi hapo sijawahi kuona mapenzi. Kisha mtazame yule adui Thanos katika hadithi ya vibonzo ya Marvel ya 1991 (si yule wa sinema, wa sinema walimpa sababu nyingine). Huyo anampenda Mauti mwenyewe. Anafuta nusu ya viumbe vyote ili amfurahishe, na Mauti hamjibu hata neno. Ni wa kutisha kuliko Namor, lakini pia ni kichekesho kikubwa, maana ana uwezo wa kila kitu isipokuwa kupata salamu.

Kwa hiyo ukurasa wa 9 uondoe wote. Nasema hivyo nikijua visanduku 6 bila neno ni kazi ya mikono. Mahali pake jiulize: Wanza anahitaji nini maishani? Anahitaji stima! Mashine ya kuchomelea haiendi bila stima. Jiji likizimwa, Wanza amekaa juu ya ndoo, miwani myeusi ameipandisha kwenye paji la uso, kazi imelala. Bwana Stima anamwona kutoka juu ya paa. Hawezi kuvumilia. Anamwachia laini yake pekee. Na Wanza usiku huo anachomelea nini? Ule mshale utakaomwangusha Bwana Stima. Ametengenezewa silaha kwa stima yake mwenyewe, na yeye amekaa paani anaangalia cheche akiona raha.

Jambo la pili, Wanza ajue. Asiwe wa mwisho kujua. Tena alitumie: kila akihitaji mwanga katikati ya vita, anagusa kile kitambaa cha kichwa.

FundiLaini:

Kaka, mimi kazi yangu ni kupanda nguzo za stima. Alilosema Mwalimu ni zuri lakini si kazi ya sekunde moja, na hapo ndipo utamu ulipo.

Laini ya kusambaza mtaani hubeba volti 11,000. Transfoma inazishusha hadi 415 na 240 ndipo ziingie kwa karakana na nyumba. Ukikata ile laini ya 11,000, wote wanaolishwa nayo wamelala, Kamukunji na majirani. Ukitaka karakana moja ibaki na mwanga, itabidi laini yenyewe iachwe ikiwa hai, halafu uzime transfoma nyingine zote mojamoja. Kila moja ina fyuzi zake juu ya nguzo. Sisi huzifungua kwa fimbo ndefu, fyuzi inaning'inia chini, unaenda nguzo inayofuata.

Sasa mchore huyo bwana. Alikuwa anazima mtaa kwa ngumi moja. Kwa sababu ya Wanza, anashinda usiku kucha akitembea na fimbo, nguzo hadi nguzo, koti limepasuka, mikono ina malengelenge. Hakuna aliyemtuma.

Njeri_wa_Vibonzo:

Nakubali nusu. Naogopa mtamlainisha mpaka tumhurumie, na mtu wa kuhurumiwa hawezi kushika kurasa 20. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyechora hapa Nairobi hadi alipofariki 2012, kwenye vibonzo vyake vya Akokhan alitupa nguvu za ajabu za Kiafrika zenye uzito, zinazotisha. Huyu naye atishe. Giza lake liumize watu: samaki wa mama mmoja waoze kwenye friji, mtoto asome kwa tochi ya simu mpaka iishe chaji. Wakati anamwachia Wanza mwanga, jirani wa Wanza yuko gizani kwa mkono huo huo.

Na tafadhali, ukurasa wa mwisho Wanza asimpende. Ampige mshale.

DukaLaKuchapa:

Angalia kurasa. Kitabu cha kupiga pini katikati, kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa 4. Ukiongeza visa hivi ufike 22, havitashikika. Ama ubaki 20 ama uende 24.

Mchoraji_Umoja:

Mwalimu, nimeutoa ukurasa wa 9. Nimeuhifadhi kwenye faili kwa sababu ile mistari naipenda, lakini kwenye kitabu haumo.

Nakwenda 24. Njeri, samaki wanaingia, na wanaingia kabla ya fimbo ya FundiLaini, ili msomaji aje kucheka akiwa bado amemkasirikia. Kisha jambo limejitokeza nikichora jana: Kamukunji nzima ikiwa giza na karakana moja ina mwanga, kila fundi atakuja kwa Wanza. Foleni inafika barabarani. Mmoja ana sufuria ya kuziba, mwingine anataka kuchaji simu, mwingine ameleta geti zima kwa mkokoteni. Wanza anawatoza wote. Bwana Stima yuko juu ya nguzo, haoni hata ukucha wa Wanza kwa sababu ya watu, na akikunja ngumi awazimie wote, anamzimia na yeye. Kisanduku kimoja kikubwa, nusu ya ukurasa, mkono uko hewani umekunjwa nusu.

Binamu amekiona. Amecheka, halafu akaniambia Wanza apandishe bei.

FundiLaini, nielezee tafadhali ile fimbo inashikwa kwa mkono mmoja au miwili, na fyuzi ikifunguka inaangukia upande gani. Nataka mtu wa kazi yako akisoma asikute uongo.

FundiLaini:

Mikono miwili, kaka, na glavu. Fyuzi inafungukia mbele, inaning'inia kichwa chini. Mnyime glavu huyo bwana wako.