Mjadala: Wageni wa begi mgongoni wanaorudi kuishi na kujitolea Mafia, tuwakaribishe au tuwazuie?

Mjukuu wa Kua
Wakuu, salaam. Kwetu ni Juani, wilaya ya Mafia, ingawa riziki naitafutia Mbagala. Kuna binti wa Kijerumani alipita kisiwani na begi lake mgongoni akitokea Kilwa, akafikia kwa mama mdogo, akakaa siku kadhaa, akaenda zake. Sasa ameandika kwamba anarudi, na safari hii anataka kukaa mwaka mzima. Alfajiri atatembea ufukweni na vijana wanaolinda viota vya kasa, mchana atafundisha Kiingereza shule ya msingi, bila malipo. Mama mdogo ameshapaka chumba chokaa. Baba mdogo hataki hata kusikia, anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu hata jembe lenyewe hajui linashikwaje. Kijiji nacho kimegawanyika hivyohivyo. Siulizi kuhusu huyu binti peke yake, nauliza kuhusu wote wanaokuja visiwani kwa mtindo huu. Tuwakaribishe au tuwazuie? Hoja tafadhali, matusi hapana.

Kibo Baridi
Karibisheni, kwani mnapoteza nini? Mimi nilifika Chole, kisiwa jirani yenu, likizo, nikaona wale popo wakubwa na magofu ya Mjerumani. Pazuri mno. Ila tusidanganyane mkuu, saa tano asubuhi wanaume wamejilaza chini ya miembe kama wamemaliza kazi zote za dunia. Pengine akishuka mtu mmoja mwenye kujituma atawaamsha. Kiingereza cha bure nani anakikataa?

Shauri Moyo
Natandika mkeka wangu hapa. Mkuu wa Kibo umechokoza nyuki halafu umevua shati.

Binti Kirongwe
Nilikuwa napita tu ila hii ya "wamejilaza" siipiti. Wewe wa Kibo, hao uliowakuta wamelala saa tano, uliwauliza wamerudi saa ngapi? Dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Wanatoka magharibi, wanawasha taa dagaa waje, wanavuta nyavu mpaka kunakaribia kucha. Wakifika pwani dagaa hawasubiri, wachemshwe na waanikwe, la sivyo wameoza. Mtu akishamaliza yote hayo alale wapi, kileleni kwenu?

Na wanawake hukuwaona kwa sababu hukujua pa kutazama. Maji ya bamvua yakitoka, mama zetu wako mwambani na kipande cha nondo wanachokoa pweza, maji ya magoti, jua la utosi, mpaka bahari iwafukuze. Anayeishi kwa saa ya ukutani ataona wote wavivu.

Kibo Baridi
Dada punguza jazba. Nimesema nilichokiona kwa macho yangu. Na kwa taarifa yako sikwenda kitajiri, nililala kwenye hema.

Binti Kirongwe
Hema! Kumbe na wewe ni mgeni wa begi. Ulijitolea nini ulipokuwa huko?

Shauri Moyo
Alijitolea maoni.

Mwanasheria wa Mtaani
Jamani, mleta mada kaomba hoja. Viza ya kawaida ya utalii ni siku 90, na mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi, hata ya bure. Anayekuja kujitolea anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C, na nyuma yake iwepo taasisi inayotambulika iliyompokea. Mama mdogo, pamoja na chokaa yake, si taasisi. Halafu Juani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambako mgeni hulipa kiingilio kwa siku. Kabla hajakata tiketi aulizie ofisi ya hifadhi pale Utende, asije akakuta hesabu ya mwaka mzima inamsubiri.

Mzee Nanga
Hiyo hifadhi alituletea Mkapa. Nakumbuka mikutano yake.

Mwanasheria wa Mtaani
Shikamoo mzee. Hifadhi ilitangazwa 1995, kwa sheria ya 1994. Ikulu alikuwa bado Mzee Mwinyi. Mkapa kaapishwa Novemba mwaka huo.

Mzee Nanga
Marahaba. Mwinyi, Mkapa, mimi nilikuwa nashona tanga. Ninachokikumbuka vizuri ni wale vijana wa Kiingereza waliotangulia, wa lile shirika la Frontier, pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanazamia na ubao wa kuandikia majini, wanahesabu samaki na matumbawe. Wakati ule baruti ya kuvulia samaki ililia kwenye miamba mpaka vyombo vinagongana kabatini. Wale nao walikuwa watu wa mabegi, wa kujitolea, na tulisikia wamelipa wenyewe ili waje. Makaratasi yao ndiyo yaliyosaidia hifadhi ikapatikana. Kwa hiyo anayesema watu hawa hawana faida yoyote hajui historia, na anayesema hawana madhara ajiulize wakati ule sisi tuliulizwa nini.

Kibo Baridi
Sasa mzee uko upande gani?

Mzee Nanga
Niko upande wa Jibondo, kisiwani kwetu.

Mswahili wa Faza
Hodi kutoka Lamu. Wenzetu fungueni macho. Kenya biashara hii tumeiona mwisho wake. Mgeni akija na hamu ya kusaidia yatima, yatima watapatikana hata kama mama yao yuko sokoni anauza mboga. Makao yaliota kila mahali ambapo watalii wapo. Serikali ikasimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwa jamaa zao. Simsemi binti wenu, huenda roho yake safi kabisa. Lakini mukimfungulia mmoja bila utaratibu, nyuma yake anakuja wakala mwenye tovuti anayeuza nafasi za kujitolea kisiwani mwenu, na hela yake haifiki kijijini.

Kibo Baridi
Juani kuna makao ya yatima? Unachanganya mada, jirani.

Binti Kirongwe
Bado upo wewe?

Zamu ya Alfajiri
Naomba niseme kuhusu kasa, maana ndiyo kazi niliyoifanya. Watu wanadhani ni kukaa ufukweni ukingoja vifaranga watoke upige picha. Kazi yenyewe ni kutembea kabla jua halijachomoza ukitafuta alama za mtambao, kama tairi la trekta limepita mchangani kutoka majini. Ukikuta kiota kiko chini, mahali maji makuu yatafika, unakihamisha. Unafukua kwa vidole. Kasa wa kijani hutaga mayai mia na zaidi kwenye kiota kimoja, na kila yai unalitoa likiwa vilevile lilivyolala, juu liwe juu. Ukishaligeuza umekiua kilicho ndani. Unachimba shimo la kina kilekile huko juu, unayapanga, unafukia, unaandika tarehe. Baada ya kama miezi miwili ndiyo utajua ulikuwa na mkono mzuri au mbaya.

Nimeona mgeni ameinua yai analigeuzageuza kwenye mwanga, anamwonesha mwenzake. Hakuwa na ubaya, hakufundishwa.

Na jingine ambalo hamlitaji: vijana wa kijiji wanaolinda viota hupata posho, na kiingilio cha wageni wanaokuja kutazama vifaranga sehemu yake hubaki kijijini. Akija mtu anayefanya zamu ileile bure, tena kwa tabasamu, mwenye mradi atamlipa nani?

Mjukuu wa Kua
Hili la posho sikuliwaza. Shemeji yangu ni mmoja wa hao vijana.

Kibo Baridi
Mnaona? Sasa mnaogopa ushindani. Ndiyo maana nilisema mwenye kujituma atawaamsha.

Zamu ya Alfajiri
Kijana, nimeandika aya nzima kuhusu mayai, wewe umesoma neno "bure" tu.

Mwalimu Chaki
Mimi nitasema la shule, maana naona wote mnakimbilia baharini. Niliwahi kupangiwa kisiwa kimoja wilaya hiyohiyo, nikitokea Singida, sijawahi kupanda hata mtumbwi. Nyumba ya mwalimu hakuna. Maji ya kununua kwa ndoo. Mwisho wa mwezi kufuata mshahara ni mashua, upepo ukikataa unalala Kilindoni kwa deni. Mwalimu mpya alikuwa akiripoti leo, barua ya uhamisho anaandika kesho. Na mimi niliondoka pia, sijifichi.

Sasa binti anakuja mwaka mmoja, atasindikizwa kwa ngoma na mtandio wa zawadi. Mwalimu aliyekaa miaka na mtoto wake mgonjwa akiondoka anaitwa mtoro. Nina swali moja tu. Mwaka ukiisha, lile darasa la tatu lililozoea Kiingereza chake linabaki na nani?

Mjukuu wa Kua
Mwalimu, heshima yako, lakini usitupake matope. Maji ya shida yalikuwa Jibondo, huko ndiko yalikokuwa yanavushwa kwa mashua. Juani hatujafika huko.

Mwalimu Chaki
Sikutaja Juani.

Mzee Nanga
Na mimi je, niko hapa nawasikiliza? Jibondo maji yalikuwa ya kuvusha, kweli. Jibondo ndiko zinakotoka mashua zenu zote mnazopandia, hilo mbona halitajwi?

Binti Kirongwe
Mzee kawamaliza. Fundi wa Jibondo akitengeneza jahazi hana ramani ya karatasi, yote imo kichwani. Halafu mtu anakuja kutufundisha kujituma.

Kibo Baridi
Nilijua tu litanirudia.

Mwalimu Chaki
Hakuna aliyenijibu. Basi nimuulize mleta mada mwenyewe. Wewe umesoma, Kiingereza unacho, shule hiyo ndiyo iliyokufundisha herufi. Kwa nini hurudi wewe ukajitolea huo mwaka?

Mjukuu wa Kua
Aah, mwalimu. Nina watoto watatu hapa Mbagala. Kodi. Duka. Unajua safari yenyewe? Basi kutoka Rangi Tatu mpaka Bungu, kisha ile barabara ya kwenda Nyamisati kupanda chombo, mvua za masika zikinyesha ilikuwa tope tupu. Halafu mnatoka kwenye mikoko ya Rufiji, na chombo kikishafika wazi kusi ikivuma watu wazima wanatapikia mifuko ya rambo. Kuna safari nilikaa na jeneza miguuni njia nzima, tunampeleka marehemu kwao. Ndege ipo, nusu saa umefika, lakini hiyo ni ya wenye ndege. Natuma hela kila mwezi, muulizeni mama mdogo.

Mswahili wa Faza
Hela haishiki chaki, ndugu.

Mjukuu wa Kua
Na wewe Faza uko Faza kweli, au uko Mombasa?

Mswahili wa Faza
Niko Mombasa. Lakini hiyo si mada.

Shauri Moyo
Hahahaa! Naomba kila mtu ataje alipo. Dada wa Kirongwe, tuanze na wewe mwenye uchungu na pweza.

Binti Kirongwe
Niko Muscat. Tatizo liko wapi? Babu yangu minazi yake iko Kirongwe, hapohapo Mafia, mpaka leo.

Kibo Baridi
MUSCAT! Umenichana kurasa mbili nzima kuhusu jua la utosi, uko kwenye kiyoyozi!

Binti Kirongwe
Mimi huyo wa mwambani nimekua naye, yeye ni mama yangu mzazi. Wewe umemwona kwenye hema lako? Na nikitaka kurudi sihitaji kuombewa kibali cha daraja C.

Mwanasheria wa Mtaani
Dada, kama ulishachukua uraia wa huko, huenda na wewe ukahitaji kuombewa kibali.

Binti Kirongwe
...

Shauri Moyo
Mwanasheria umeua mtu.

Zamu ya Alfajiri
Mjukuu wa Kua, kabla uzi haujazama kabisa. Akija, aanzie kwenye taasisi kama alivyosema Mwanasheria, na asipewe zamu ya kijana yeyote mwenye posho. Atembee naye, abebe ndoo. Mayai asiguse msimu wa kwanza. Shuleni asikae na darasa peke yake, amsaidie mwalimu aliyepo. Akikataa hayo, alikuwa anakuja kwa ajili ya picha.

Mjukuu wa Kua
Nimemwandikia hivyohivyo jana. Kajibu kibali anashughulikia, ila kuhusu mayai kauliza "hata moja?" Baba mdogo kasema hilo swali ndilo lililokuwa linamtia wasiwasi. Mama mdogo kasema mtoto ni mtoto, atazoea. Anafika Oktoba, papa potwe wanapoanza kuonekana Kilindoni.

Mwalimu Chaki
Na darasa la tatu?

Mzee Nanga
Nyinyi wa Mbagala, Mombasa na Muscat mkishamaliza, mwenye kuja Jumamosi aniletee betri za tochi. Madukani huku zimekwisha tangu wiki iliyopita.

Kibo Baridi
Kubwa au ndogo, mzee?