Krismasi ya familia kubwa nyumbani: tupeane uzoefu, wa joto la huku na wa theluji ya huko

MzaliwaBarani

Habari za jioni, ndugu zangu. Dominika ya tatu ya Majilio imeshapita, mshumaa wa waridi umewashwa, na usingizi umeniruka.

Kwetu Barani, hapa Malindi, tumezaliwa tisa na mimi ndiye kifungua mimba. Ukiongeza wake, waume na wajukuu, Krismasi iliyopita tulikuwa watu thelathini na wanne kwenye nyumba ya vyumba vitatu na ukumbi. Uani upepo wa kaskazi unasaidia kidogo, lakini chini ya mabati saa saba mchana ni tanuri.

Mwaka huu mama hayupo. Tulimzika mwezi wa nane. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu, kwa sababu nimegundua kwamba miaka yote nilidhani Krismasi yetu inajiendesha yenyewe, kumbe alikuwa anaiendesha yeye. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mtu akifika, begi bado liko begani, mama anamwambia, "Karibu mwanangu, pole na safari, zile nazi zinakungoja." Hakuna aliyekuwa mgeni. Hata shemeji aliyekuja kwa mara ya kwanza na suti yake alijikuta anachambua mchele.

Kazi ya kukuna nazi ilikuwa ya wajukuu, kwa zamu. Mtoto akifikisha miaka saba anakalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, bibi anachuchumaa nyuma yake na kumshika mikono yote miwili, wanazungusha kifuu pamoja polepole. "Ukiona nyama imeanza kuingia weusi, acha hapo hapo. Ukikwangua hadi kwenye gome, tui linachafuka rangi." Halafu anamwachia. Mtoto akimaliza nazi ya kwanza peke yake, nazi aliyoikuna inapokewa kama zawadi ya kanisani. Wali wenyewe anaupalia mama, makaa juu ya mfuniko, na hakuna mtu anayeruhusiwa kufunua.

Misa tunagawana. Noeli ina Misa nne: ya mkesha, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Vijana wanakwenda ya usiku pale kanisa kuu la Mtakatifu Antoni, wapishi tunawahi asubuhi, wazee na watoto wanafuata. Mti wetu ni tawi la mvinje ndani ya debe la mchanga. Pango tunalijenga kwa makuti, na Mtoto Yesu hawekwi mpaka waliokwenda Misa ya usiku warudi.

Sasa kazi ya kugawa kazi imeniangukia mimi, na mimi si mama. Nyinyi wa familia kubwa mnafanyaje? Na mlioko kwenye baridi, theluji ikifunga njia, Krismasi ya nyumbani inakuwaje? Tupeane uzoefu.

MpishiMuyeye

Pole sana dada kwa msiba. Mungu amlaze mama mahali pema.

Mimi ni mpishi wa hoteli ya ufukweni, na wenye kazi kama yangu wanajua: Desemba ndiyo msimu wa wageni, kwa hiyo Krismasi ya tarehe 25 nyumbani sijaila mwaka wa kumi na nne huu. Nyumbani tuko saba na mke wangu. Miaka ya kwanza walikuwa wananiwekea sahani, narudi saa sita usiku nakuta chakula kimepoa na watoto wamelala na nguo mpya. Niliumia sana.

Mke wangu ndiye aliyeamua. Tarehe 25 wanakwenda Misa na kula chakula cha kawaida. Karamu yenyewe tunaifanya Dominika inayofuata, Sikukuu ya Familia Takatifu, na mimi naomba ofu ya siku hiyo tangu Oktoba. Mwaka 2022 Krismasi iliangukia Dominika, basi Familia Takatifu ikawa Ijumaa tarehe 30, nikahangaika kweli kubadilishana zamu. Siku hiyo napika mimi, samaki wa kupaka, na mke wangu hagusi jiko. Msione haya kuhamisha siku, ndugu zangu. Wanangu hawajawahi kulalamika.

BintiNgala_Trentino

Dada MzaliwaBarani, pole. Nimesoma kuhusu ile mbuzi nikalazimika kusimama dirishani kwanza.

Mimi nimezaliwa Ngala, hapo hapo Malindi. Nimeolewa Italia kaskazini, milima ya Trentino, na mume wangu ni wa sita kati ya ndugu kumi. Wakatoliki wa kweli kweli, rozari kila jioni. Nilijua familia kubwa. Theluji ndiyo sikuijua.

Krismasi yangu ya kwanza, theluji ilianza kuanguka usiku wa tarehe 23. Sisi mvua tunaisikia kwenye mabati kabla hatujaiona, nami nilidhani theluji nayo itapiga kelele. Haina sauti hata kidogo. Niliamka kwa sababu ya kimya. Hakuna gari, hakuna mbwa, na mwanga mweupe umejaa chumbani kama kumeshakucha ilhali ni saa kumi na moja alfajiri. Nilipofungua mlango wa nje, theluji ilikuwa imesimama pale mbele yangu kama ukuta, ikifika magotini.

Baba mkwe alikuwa ameshatoka. Alikuwa na sepetu pana za theluji zimepangwa ukutani, kubwa na ndogo, na kila aliyeamka alipewa yake, hadi wajukuu. Wakubwa wanafukua njia ya kwenda kwenye kuni, wadogo wanafuata nyuma wakimwaga chumvi ili pasigande tena, maana maji yenye chumvi hayagandi upesi. Mimi nilipewa kahawa na kuambiwa nikae karibu na jiko. Walinihurumia. Lakini hakuna kitu kinachokufanya mgeni kama kukalishwa peke yako wakati wenzako wote wanafanya kazi.

Mchana shemeji mmoja akapiga simu kwamba gari limekwama bondeni. Mume wangu na kaka zake watatu walishuka kwa miguu, wakarudi giza limeingia, watoto mabegani, mizigo ikivutwa kwa kigari cha kuteleza. Tukawa ishirini na sita. Kule mkesha hauliwi nyama, ni samaki, na pamoja naye polenta. Sasa dada, polenta ni unga wa mahindi. Mama mkwe aliinjika sufuria ya shaba, akamimina unga kwenye maji yanayochemka, akaanza kukoroga kwa mwiko mrefu. Nikatazama. Nikasema moyoni, hii si sima hii?

Alikoroga dakika kumi, nikaona mkono umeanza kuchoka, maana inapikwa karibu saa nzima. Kiitaliano changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilisimama tu, nikanyoosha mkono. Akanitazama, akanipa mwiko. Nikasonga kama ninavyosonga kwetu, mguu mmoja mbele, nikiukandamiza unga ukutani mwa sufuria. Jiko zima likanyamaza. Mama mkwe akaja akanifunga aproni yake kiunoni, akaifunga fundo mbili kwa nyuma. Tangu siku hiyo polenta ya mkesha ni yangu, na mwanangu wa kwanza ameshaanza kushika mwiko.

Usiku ule barabara haikupitika kwa gari. Tulikwenda kanisani kwa miguu, safu moja nyuma ya nyingine, kila mtu anakanyaga alipokanyaga wa mbele. Pango lao wanalijenga tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, na baba mkwe huwasimulia wajukuu kila mwaka jinsi Mtakatifu Fransisko alivyotengeneza la kijiji cha Greccio mwaka 1223, akiwa na ng'ombe na punda wa kweli. Hori lilikuwa tupu. Tuliporudi, mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyemlaza Yesu. Kwetu Ngala ni vile vile. Nililia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Dada, mtu asikae peke yake na kikombe cha kahawa. Anza na huyo. Na nina ombi: siku hiyo, watoto wakianza kukuna nazi, nirekodieni ile sauti.

JiraniWaMaweni

Assalamu alaikum na poleni na msiba. Mimi ni Mwislamu, lakini Krismasi ya majirani zangu Wakatoliki inanihusu kuliko mnavyodhani. Kila tarehe 24 jioni baba wa nyumba ile huja kupiga hodi: "Kaka, mbuzi yuko tayari." Nakwenda kumchinja mimi, ili na sisi majirani tule bila wasiwasi. Alianza marehemu baba yangu, sasa ni mimi. Idi nasi tunawapelekea sinia ya pilau. Kama mama yako alikuwa na mtu wake wa kuchinja, dada, usingoje aje mwenyewe. Mfuate nyumbani kwake, maana huenda naye anajiuliza kama mwaka huu ataitwa.

MsafiriWaDesemba

Langu ni fupi. Mwaka juzi tulitoka Nairobi na watoto watano, basi likaharibika karibu na Mackinnon Road, tukalala barabarani. Tulifika Malindi Krismasi saa tisa alasiri. Wazazi hawakuwa wamegusa chakula, na wapwa zangu walikuwa wamekaa kizingitini tangu asubuhi. Nauli zinapanda Desemba, najua, lakini tukate tiketi mapema na tusafiri tarehe 22 walau.

MzaliwaBarani

Asanteni, nimesoma yote mara mbili. JiraniWaMaweni, umenigusa mahali. Mzee anayetuchinjia yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu, na leo jioni nimekwenda. Alikuwa amekaa barazani. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza, "Ni saa ngapi mwaka huu?"

BintiNgala, nimekaa na kalamu nimeandika majina thelathini na matatu, kila jina na kazi yake. Mbuzi ya mama nimeitoa stoo. Jino lilikuwa limeshika kutu, nimelipiga msasa na kulipaka mafuta ya nazi. Mjukuu wa kufunzwa mwaka huu ni wa mdogo wangu wa nne, ametimiza saba Novemba. Nitachuchumaa nyuma yake mimi. Simu nitaiweka chini, karibu na sinia, uisikie vizuri.