Naomba ushauri: Walimu wetu wamechoka na wamenyamaza, tuwasaidieje kabla ya mtihani wa Taifa?

Makamu wa Moshi
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni makamu mkuu wa shule katika sekondari binafsi ya bweni hapa Moshi, na ninaandika kwa sababu nimefika mahali ambapo sioni njia. Tangu muhula huu uanze walimu wetu wamebadilika. Ofisi ya walimu, ambayo zamani ilijaa mabishano ya Simba na Yanga hadi kengele igongwe, sasa iko kimya. Mtu anasaini kitabu cha mahudhurio, anaingia darasani, anatoka, anaondoka bila kuaga. Juzi nilimkuta mwalimu wa fizikia amelala juu ya rundo la madaftari saa nne asubuhi, na nilipomwamsha alichukua muda kunitambua. Mwingine amelazwa kwa presha. Kidato cha nne wana mtihani wa Taifa mwezi Novemba, na taaluma iko chini yangu. Tunafikiria kuwapeleka walimu wote kwenye chemchemi ya Chemka Jumamosi moja, waogelee, wale nyama choma, kisha mtaalamu wa ushauri nasaha azungumze nao kuhusu msongo wa mawazo. Je, jambo la namna hii husaidia? Waliowahi kulifanya naomba wanieleze waliliendeshaje. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Uru
Mwalimu, pole na majukumu. Mimi nilistaafu zamani, na nilifundisha katika shule za mlimani ambako masika tulipanda kwenye tope kwa miguu, viatu mkononi, na saa moja na nusu tuko mstarini na wanafunzi. Hatukuwa na mtaalamu wa msongo. Tulikuwa na mkuu wa shule aliyejua jina la kila mtoto wetu, na akifiwa mmoja wetu shule nzima ilikwenda msibani. Vijana wa leo wameingia ualimu bila wito, na hilo hakuna safari itakayoliponya.

Mama Tengeru
Shikamoo Mzee wa Uru. Nakuheshimu, lakini wito haulipi kodi ya nyumba. Mimi nafundisha upande wa Arusha, na naomba nieleze tuliyoyapitia mwaka 2020. Serikali ilitangaza kufunga shule Machi 17. Kidato cha sita walirudi Juni 1 na madarasa mengine Juni 29, na katika miezi hiyo wazazi wengi wa shule binafsi hawakulipa ada. Shule niliyokuwa nafundisha haikuwa na fedha, ila mkuu wetu alibandika karatasi ukutani inayoonyesha ada iliyoingia, madeni ya shule, na kila kundi la watumishi litapata nini mwezi huo. Askari na wapishi walilipwa kwanza na kwa ukamilifu, kwa kuwa mshahara wao ulikuwa mdogo. Sisi walimu tulipata nusu, na yeye alijiweka mwisho. Tuliumia, lakini hatukugombana naye, kwa sababu kila tulichouliza kilikuwa kimekwisha kuandikwa pale ukutani. Rafiki yangu alikuwa shule nyingine ambako hakuna aliyeambiwa lolote, wakaishi kwa uvumi, na shule zilipofunguliwa nusu ya walimu hawakurudi.

Karani wa Himo
Ndugu mleta mada, maelezo yako ni marefu lakini kuna jambo umeliruka. Mshahara ulilipwa lini mara ya mwisho?

Makamu wa Moshi
Nawashukuru wote. Suala la mishahara liko mikononi mwa mkurugenzi, na linashughulikiwa. Nisingependa litawale mjadala, kwa sababu hata walimu wa serikali wanaolipwa kila mwezi wanachoka. Mimi nimeuliza kuhusu hali yao ya moyo.

Karani wa Himo
Sikuuliza liko mikononi mwa nani. Nimeuliza lini.

Makamu wa Moshi
Basi nieleze. Mshahara kamili wa mwisho ulikuwa wa Mei. Juni walipewa nusu. Julai bado, na Agosti ndiyo hii inakwisha. Wazazi wanadaiwa ada ya awamu mbili na wanafunzi wamepungua. Chai ya saa nne ya walimu nayo imesimamishwa, na nadhani hilo limewauma kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wanakuja bila kula nyumbani. Mwalimu wa fizikia niliyemtaja anatembea kutoka Pasua kwa sababu hana nauli ya bodaboda.

Kuhusu safari, naomba nieleweke. Fedha yake si ya mishahara. Wazazi wa kidato cha nne walichanga motisha kwa ajili ya walimu wanaosimamia masomo ya jioni, na kamati ya shule iliridhia itumike kwa jambo la pamoja. Kianzio cha gari kimekwisha kulipwa. Tukiigawa kwa kila mwalimu itakuwa fedha ndogo sana, itaishia dukani kwa Mangi siku hiyo hiyo, lakini siku moja ya kukaa pamoja inaweza kuwarudishia umoja. Sioni ubaya wake.

Bodaboda Mstaarabu
Mwalimu, mimi huwapeleka watu Chemka kila wikiendi. Mwenye njaa akiogelea pale hutoka na njaa mara mbili, kwa hiyo nakushauri ununue mbuzi wawili.

Mama Tengeru
Nimecheka, lakini ndugu yetu wa bodaboda amelenga penyewe. Makamu, unasema fedha itaishia kwa Mangi. Umewahi kuliona daftari la Mangi? Mwalimu akifuta deni lake pale, jioni hiyo anapata tena unga na mafuta ya kula bila kujificha. Walimu wenzangu waliokosa mshahara waliangukia mikopo ya kausha damu, wakawa wanakatwa riba kila wiki, na mmoja aliacha kupokea simu kabisa hata za mama yake mzazi. Ukimya unaouona ofisini huenda ni watu wanaokwepana kwa sababu wamekopana. Mtaalamu wa ushauri atawafundisha kupumua kwa utaratibu, na jambo hilo lina faida yake, lakini watarudi nyumbani kwa mdai yule yule. Yule wa presha, baada ya kutoka wodini, ashauriwe kwenda kliniki ya afya ya akili pale hospitali ya KCMC kama bado hapati usingizi. Huyo asisubiri safari.

Karani wa Himo
Naongeza upande wa sheria, kwa kuwa walimu wengi hawaujui na makamu anaweza kuwasaidia kwa kuwaeleza tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mtumishi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Mwalimu asiogope kuugua. Madai ya mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Nusu iliyobaki ya Juni inakaribia kupitwa, na ombi la kuchelewa lazima litolewe sababu. Vilevile kila mtu aangalie michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, maana mshahara ukikwama mara nyingi michango nayo hukwama, na hilo mtumishi huligundua siku anapokwenda kudai mafao.

Mdadisi wa Soweto
Wakuu, naomba radhi kwa kuwakatisha, lakini nina mashaka na uzi huu. Kwanza, makamu gani anaujua mwezi wa kila malipo lakini aliuficha mpaka akabanwa? Pili, shule ni ya bweni. Walimu wote wakienda Chemka Jumamosi, watoto wanabaki na nani? Hakuna mkuu wa shule makini anayeweza kupanga hivyo. Nahisi ama hadithi imetungwa, ama aliyeandika ni mmiliki mwenyewe anayetaka kujua walimu wanasema nini na kama watakwenda CMA.

Mzee wa Uru
Kijana, tusimhukumu mtu tusiyemwona. Hata hivyo swali la watoto wa bweni ni la haki.

Mama Tengeru
Mimi hata ikiwa ni hadithi, kuna shule inaiishi leo. Ila na mimi nangoja jibu.

Makamu wa Moshi
Mimi si mmiliki. Mmiliki haishi hapa, na amekuja shuleni mara moja tu muhula huu. Kama ningekuwa mmiliki nisingehitaji kuuliza; ningelipa, au ningefunga. Sikutaja mishahara mwanzoni kwa sababu sina mamlaka nayo, na mtu huuliza lile analoweza kulifanya. Mimi naweza kupanga ratiba, kupunguza zamu za usiku, kuomba gari. Mshahara siwezi.

Kuhusu watoto, watabaki na matroni, patroni, wapishi na askari. Ndivyo tulivyopanga.

Karani wa Himo
Kupunguza zamu za usiku ni wazo zuri kuliko safari, na halina gharama. Mbona hukulitaja mapema? Na ile karatasi ya ukutani aliyoieleza Mama Tengeru, huhitaji mamlaka ya mmiliki kumwomba mhasibu akuandikie ada iliyoingia.

Makamu wa Moshi
Zamu nitazipanga upya kuanzia Jumatatu, mwalimu mwenye watoto wadogo asilale shuleni zaidi ya usiku mmoja kwa wiki. Kwa mhasibu nitakwenda kesho. Safari sijaifuta, maana kianzio hakirudishwi, lakini nitawauliza walimu wenyewe kikaoni kabla ya kulipa kiasi kilichobaki.

Mama Tengeru
Vema. Hao wapishi, matroni na askari watakaobaki na watoto, wao wamelipwa lini?

Makamu wa Moshi
Aprili.

Mama Tengeru
Na katika ile motisha ya wazazi, wamo?

Makamu wa Moshi
Hawamo. Gari lina viti 30, na hatukuwahesabu. Nitawaita kwenye kikao kile kile cha walimu.