Naomba ushauri: kazi ya mawasiliano na masoko ya michezo katika vyuo vikuu vya Marekani

Binti wa Moshi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Nasoma mwaka wa tatu wa shahada ya mawasiliano ya umma katika chuo kikuu kimoja cha Marekani ambacho timu zake zinashiriki Daraja la Pili la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Tangu Agosti mwaka jana nafanya kazi ya saa chache kwa wiki katika ofisi ya mawasiliano ya michezo ya chuo. Siku za mpira wa kikapu hukaa kwenye meza ya pembeni mwa uwanja na kumtajia mwenzangu mwenye kompyuta kila kinachotokea: namba 12 amerusha, amekosa, namba 4 amedaka mpira uliorudi. Mapumziko yanapofika, nina dakika chache tu za kuchapa karatasi za takwimu na kuwakimbizia makocha wa pande zote mbili.

Kazi hii nimeipenda kuliko yoyote niliyowahi kufanya, lakini sasa natakiwa kuamua. Msimamizi wangu anataka nibaki upande wa mawasiliano, na mkuu wa masoko amenialika kwake msimu ujao, kwenye tiketi, matangazo na shamrashamra za siku ya mechi. Baba yangu, aliyejinyima mengi ili nifike huku, aliniuliza kwa simu kama kweli nimevuka bahari ili nihesabu mpira. Je, kazi hii ina maisha? Nishike upande upi, na nisome shahada ya uzamili kwanza au nitafute ajira moja kwa moja?

Karani wa Takwimu

Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni Mkenya, na nina miaka 11 katika kazi hii, minane kati yake katika chuo cha Daraja la Kwanza.

Kazi ina maisha. Ni taaluma yenye chama chake tangu mwaka 1957. Kiliitwa CoSIDA hadi 2022, kilipobadili jina na kuwa College Sports Communicators. Ila mtu asikudanganye kwamba utalipwa kwa kutazama michezo. Mtumishi mmoja wa ofisi yetu hubeba timu tatu au nne: anaandika habari ya mechi mashabiki wakiwa bado wanatafuta magari yao, anatunza rekodi za miaka ya nyuma, anapendekeza majina ya tuzo, na anamwandaa kijana wa miaka 18 kuketi mbele ya vinasa sauti muda mfupi baada ya kushindwa. Novemba ndiyo mwezi unaochosha kuliko yote, kwa sababu mpira wa wavu na mbio za nyika vinafikia tamati wakati mpira wa kikapu unaanza.

Nakusihi usiondoke kwenye mawasiliano kabla kalamu yako haijakomaa, hasa kwa kuwa kuna kazi ambayo wewe unaweza kuifanya kuliko wenzako wengi. Wanariadha wa kwetu wako katika vyuo hivi tangu zamani. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Mtanzania mwenzako Suleiman Nyambui aling'ara akiwa na chuo cha Texas mjini El Paso na akapata medali ya fedha ya mita 5000 mjini Moscow mwaka 1980. Edward Cheserek aliondoka Oregon na mataji 17 ya NCAA. Na mwaka 2025 Doris Lemngole wa Alabama akawa mwanafunzi wa kwanza wa vyuo hivi kumaliza mita 3000 za kuruka viunzi na maji chini ya dakika tisa.

Hata hivyo, katika chuo nilichoanzia nilimkuta msichana kutoka Bonde la Ufa aliyekimbia msimu mzima jina lake likiwa limeandikwa vibaya kwenye tovuti, na wasifu wake ukiwa sentensi moja, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kwa lugha anayoizungumza kwa raha. Nilikaa naye saa nzima katika ukumbi wa chakula tukazungumza Kiswahili. Habari niliyoiandika ikachukuliwa na gazeti la mji, na tangu siku hiyo mkurugenzi wa michezo alinifahamu kwa jina.

Dada wa Masoko

Naafikiana na kaka kuhusu kalamu, lakini masoko yasidharauliwe. Tangu tarehe 1 Julai 2025, kufuatia makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyoridhia utaratibu huo vinaweza kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hizo lazima zitafutwe, na anayejua kujaza viti anasikilizwa.

Mimi nilianza na mpira wa wavu wa wanawake, ambao siku za Jumanne ulichezwa mbele ya viti vitupu. Nilizungukia shule za jirani, nikaomba watoto wawasindikize wachezaji uwanjani wakati wa utambulisho, na kila mtoto akaja na wazazi na bibi yake. Niliandika idadi ya watu kabla na baada, na jedwali hilo ndilo nililoingia nalo kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza.

Mhamiaji Mzoefu

Msisahau viza. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, hufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Baada ya shahada hupata miezi 12 ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, na akikaa bila kazi kwa jumla ya zaidi ya siku 90 ameipoteza. Shahada ya uzamili hufungua miezi mingine 12, na vyuo vingi humlipia karo msaidizi wa uzamili, yaani mwanafunzi anayefanya kazi huku akisoma, katika idara ya michezo na kumpa posho, kwa hiyo mimi ningeanzia hapo. Faida nyingine ni kwamba vyuo vikuu haviguswi na ukomo wa idadi ya viza za kazi za H-1B kwa mwaka. Thibitisha kila hatua na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwani kanuni hubadilika.

Binti wa Moshi

Nawashukuru sana. Nimeamua kubaki kwenye mawasiliano, nitaomba mechi za wavu za Jumanne upande wa masoko, na nitaanza kutafuta nafasi ya msaidizi wa uzamili. Baba nimemtumia maelezo yenu yote, na amejibu kwamba Nyambui anamkumbuka vizuri. Timu yetu ya nyika ina kijana kutoka Bujumbura ambaye wasifu wake kwenye tovuti ni urefu wake na mwaka wa masomo tu. Nimeahidiana naye kuonana Jumatatu baada ya mazoezi.